Povu la Mama

Sabuni ya mama ilikuwa imebaki kidole kimoja kwenye chupa ya povu, nyepesi kama maji. Niliimwaga kwenye sinki bila hata kuinusa.

Nikasuuza chupa, nikatia sabuni ya maji ya bei poa, ile ya kupimiwa dukani, nikajaza maji na kuitikisa taratibu. Nilipobonyeza, povu likatoka jeupe, limeumuka. Fundi mimi!

Baba akaingia akiburuta ndala. Tangu tumzike mama, alikuwa haishi kunawa, nasi tulimtania kwamba amekuwa daktari wa upasuaji.

Alibonyeza mara moja tu, polepole. Hakufungua bomba. Alilipeleka povu puani, akafumba macho.

Hapo ndipo nilipokumbuka mchaichai. Mama aliuchemsha mwenyewe, akauchuja kwa kitambaa, akachanganya na sabuni yake, huku akitufukuza jikoni tusimmwagie.

Nikatazama tundu la sinki. Lilikuwa limeshameza kila kitu.

"Mwanangu, umeongeza maji tu, siyo? Hata mimi huwa naongeza, isituishie."



"Maji tu, baba."

Akanusa tena, safari hii kwa muda mrefu. Povu lilikuwa likipasuka kidogokidogo kiganjani mwake.

"Basi ni hii pua," alisema, akijaribu kucheka. "Uzee huu, mwanangu. Imeanza kumsahau."

Akanyoosha mkono, akabonyeza tena.