Filamu ya Kiti cha Nyuma

Tunu alikuwa ameisubiri mwaka mzima filamu ya mwongozaji yule wa ng'ambo anayesifiwa kila mahali. Kumbe ni wapenzi wanaachana, wanarudiana, wanaachana tena. Akapiga miayo.

Nyuma yake, mzee mmoja alikuwa akimsimulia mkewe kipofu kwa sauti ya chini.

"Mwanamume amepiga magoti, analia."

Tunu akatazama. Kwenye skrini mwanamume alikuwa amenuna, anavuta sigara.

"Na mwanamke?"

"Amejifunga kanga ile uliyokuja nayo kwangu."

"Ile ya zambarau?"

"Hiyo hiyo. Anamwinua."

Tunu akafumba macho, akasikiliza.

Taa zikawashwa. Watu wakainuka wakinung'unika, naye akainuka.

"Halafu?" akauliza bibi.

Mzee akaikazia macho skrini nyeupe.

"Sasa wamezeeka," akasema.

Tunu akaketi tena.