Paka Mapajani

Pamba ya sindano ya kwanza ilikuwa bado imebandikwa begani pale mama mkwe alipombwaga paka mapajani mwa mke wa mwanawe.

"Si daktari kasema chanjo itaufundisha mwili wako uzoee manyoya, pumu ikuachie? Haya, tuufundishe."

"Kasema mdogo mdogo, mama. Sindano ni za mwaka mzima."

"Wewe kila kitu mdogo mdogo. Hata mjukuu mpaka leo tunamsubiri."

Paka akajikunja, akakoroma kwa raha zake. Unyoya mmoja mweupe ukapaa, ukazungukazunguka hewani, ukamnasa mke mdomoni. Kifua kikaanza kupiga mluzi. Akapapasa dirishani, mahali pa pampu yake ya pumu, akaambulia vumbi.

Mama mkwe alikuwa ameifumbata kiganjani.

"Nikikupa hii, mwili utajifunza lini?"

Huko uani, mume alikuwa anavua viatu. "Mama! Vipi, chanjo imemkubali?"

Mke akafungua kinywa amwite. Sauti haikutoka.

"Imemkubali kweli, mwanangu," akajibu mama mkwe, akiurudishia mlango taratibu. "Kalala fofofo. Usije ukamwamsha."