Kombe la Jiwe

"Nililiokota kwa mkono wangu huu," alisema bwana mmoja jukwaani, akaunyoosha mkono wenyewe ili wapiga picha waupate vizuri.

Mkewe, mwalimu mstaafu wa sayansi, alikuwa mstari wa nyuma wa ukumbi wa makumbusho. Akabana midomo. Mkono ule! Haujawahi kuokota hata soksi zake mwenyewe.

Kombe lilikuwa mezani juu ya kitambaa cheusi: gamba la mnyama wa baharini lililogeuka jiwe, limejiviringa kama kilemba, pana kama sahani. Mwalimu alilitoa korongoni akiwa bado mwanafunzi wa chuo, zamani hizo korongo likiwa pori la kila mtu, halina uzio wala mlinzi.

Miaka yote ya ndoa, mumewe aliyaita makombe yote aliyokusanya mwalimu "takataka za bibie." Mwalimu alipokwenda kumuuguza dada yake, bwana yule aliyazoa yote akayamwaga kwenye shimo la mbele ya geti, gari lake lisikwame. Hili moja lilipona kwa kuwa lilikuwa jikoni, linazuia mlango.

Kisha siku moja mgeni wa mumewe, mtaalamu wa makumbusho, akajikwaa nalo. Aliinama kulitazama, akasahau hata kusalimia.

"Nani aliliokota hili?"

Mwalimu alifungua mdomo. Mumewe akamtangulia. "Mimi."

Na leo ndiyo hiyo suti mpya, na kipaza sauti, na kombe ameliinua juu kama nahodha aliyeshinda fainali.

"Hebu tueleze, mzee," alisema mkurugenzi. "Ulilipataje?"

Mume hakuwahi kusimulia jambo bila kulitia chumvi. "Mwaka jana! Niliruka uzio wa korongo mchana kweupe, walinzi wanapiga soga. Nikashuka, nikachimba, nikatoka nalo kwapani. Wale walinzi ni masanamu tu!"

Alicheka peke yake. Mwalimu alikitazama kile kitambi. Kuruka uzio! Mtu anayepumzika mara mbili kabla ya kumaliza ngazi za kwao.

Mbele kabisa akasimama mwanamume mwenye sare ya kaki.

"Mimi ndiye mkuu wa hifadhi ya korongo," alisema. "Ndani ya uzio ule hairuhusiwi kuokota hata kokoto, mzee. Mtu hufungwa. Twende kituoni ukaandikishe maelezo."

Jasho likamtiririka bwana yule mpaka kwenye kola.

"Nilikuwa natania! Huko sijafika hata siku moja! Hili kombe si langu, ni la mke wangu, alilitoa zamani kabla hamjaweka uzio!" Akamtafuta kwa macho katikati ya viti. "Mama watoto! Simama uwaambie ukweli!"

Ukumbi mzima ukageuka nyuma. Mwalimu aliinuka taratibu, akaurekebisha mtandio wake. Tangu waoane, ilikuwa mara ya kwanza mumewe kumpa haki yake mbele za watu.

"Msamehe, afande, anaona haya tu," alisema kwa upole. "Siku hiyo alirudi na matope mpaka magotini. Suruali niliifua mwenyewe."