Kanga na Video Iliyogoma

Palikuwa na Kanga aliyeatamia yai lake la kwanza, bila mama wa kumuuliza. Yai likatoboka kidogo, kisha kimya. Akafungua video ya kufundisha kuvunja ganda, lakini simu ikajisasisha yenyewe na kivinjari kikagoma kucheza video. Akamwita jirani yake Kima.

"Kima, shoga yangu, nitengenezee! Mwanangu atafia ndani ya ganda!"

"Kwani nani kakutuma usasishe?"

"Sijagusa mimi!"

Kima akabonyeza weee, kioo kikabaki cheusi. Kanga akaliinamia yai akilia. Mara akasikia ko, ko, ko, na kifaranga akajitokea mwenyewe, mzima.

Bata, mlezi wa wengi, akaja kumpongeza, akasimuliwa yote. "Ungelivunja ganda mapema, binti, kifaranga angevuja damu akafa."

Kanga akaigeukia simu. "Ahsante kwa kunigomea."