Kifua cha Nyamizi

Mjini kwao kila mtu alivaa kifungo cha afya: kikiwaka chekundu unaumwa, kikiwaka kijani u mzima, na hakuna aliyebisha.

Nyamizi, binti wa miaka ishirini na mbili, aliacha kusukuma chapati akashika kifua. Ilikuwa mara ya tatu wiki ile.

"Mama, kifua kinabana tena."

Mama yake akatupia jicho kifungo. "Kijani hicho! Unaumwa uvivu wewe. Sukuma, wateja wanangoja."

Wateja wakacheka. Nyamizi naye akacheka, akasukuma.

Tangu hapo hasemi. Akibanwa hugeukia ukutani, akapumua kidogo kidogo.

"Kinauma, mwanangu?" mama humuuliza sasa kila amwonapo akigeuka, hata kifungo kikiwa kijani; kicheko cha siku ile hakijamtoka mama masikioni.

"Hapana, mama."

Mzazi mwenzangu, mama yule kila siku anaomba aambiwe ndiyo, na haambiwi.