Risasi za Aina Moja

Fenia alizisukuma zile risasi sita mpaka zikarudi upande wa mgeni.

"Hatuzitaki," akasema. "Mzee ana zake."

Bwana Coyle, daktari wa meno kutoka Ohio, alikuwa amezijaza baruti kwa mkono wake nyumbani, akazisafirisha mpaka kisiwani Kodiak kuwa zawadi kwa Zakar, kiongozi wake wa uwindaji. Zilikuwa za shaba tupu, nyekundu mpaka kwenye ncha. Alisema hazivunjiki hata zikikutana na bega la dubu wa nusu tani.

"Mama, ni zawadi," Zakar akamwambia mkewe.

"Zawadi ya risasi sita kwa watu wawili? Mimi na wewe tunapika chungu kimoja na tunapiga risasi za aina moja. Alete nyingine thelathini, tutaongea."

Zakar akacheka kwa uchovu na kummiminia mgeni chai. Ukaidi huu ulikuwa umeanza misimu minne nyuma, mkewe alipouza bunduki yake nyepesi akanunua nzito kama ya mumewe. Tangu hapo walichota kutoka boksi moja zile risasi za kizamani zenye kichwa cha kijivu, ambazo hupondeka kama uyoga ndani ya nyama. Alisema ni kurahisisha mizigo.

Asubuhi, Fenia akiwa ufukweni anapakia samaki wakavu kwenye mashua, Coyle alizitoa tena risasi zake. Alikuwa na uso wa mtoto aliyenyimwa pipi. Zakar hakuwa na nguvu ya kubishana na watu wawili kabla jua halijachomoza. Kwa umbali wa hatua arobaini, risasi yoyote nzito ni sawa tu. Akajaza nne kwenye bunduki, mbili akazitia mfukoni, na mkewe hakuambiwa.

Walipanda na kushuka siku sita mvuani. Magoti ya Zakar yalilalamika kila hatua, na alikuwa na miaka sitini na tisa ya kuyasikiliza. Masikio yake aliyaacha kwenye milio ya bunduki zamani, na macho nayo yalikuwa yameanza kumwonyesha ukungu hata siku isiyo na ukungu. Alichoka, na hakuona haya kukiri hivyo moyoni. Kitu kimoja tu kilimfanya aendelee.

Ndugu yake Makari aliuawa mtoni miaka kumi na moja iliyopita, kwa sababu kiongozi mmoja mzee wa uwindaji alimkosa dubu aliyekuwa akiwajia. Siku ya mazishi, mbele ya padri na watu wote, Zakar aliapa kwamba mwaka risasi yake itakapopotea, atarudisha leseni na hatasimama tena kulinda roho ya mtu. Kwa hiyo kila msimu aliitaka risasi yake itoke kwenye mzoga, aishike. Wageni hawakulijua hilo. Wao walipiga kwanza, Zakar akapiga papo hapo, kisha wakapewa yao wakaenda kuwasimulia majirani kwamba walimwangusha dubu peke yao. Yake ilipita chinichini mpaka mfukoni. Zamani alichuna mwenyewe, lakini siku hizi Fenia alimkataza kisu kwa sababu ya mgongo.

"Mwaka huu ukimpata, utapumzika?" Fenia alimuuliza usiku wa sita, akimkanda mabega.

"Nikimpata, kwa nini nipumzike?"

"Basi. Nimeuliza tu."

Siku ya saba walimkuta mtoni, dume kubwa, amesimama ndani ya maji akila samaki. Fenia alipiga ishara ya msalaba, akasimama nyuma ya mumewe upande wa kushoto, mahali pake pa siku zote. Coyle alipiga kutoka hatua sitini. Dubu aligeuka, akawajia.

Zakar aliliona lile giza likikua ndani ya ukungu wake. Alisubiri, akasubiri, akalenga katikati na kufyatua. Mlio ulikuwa mmoja, mkubwa, milima ikaurudisha. Dubu alianguka na kuteleza kwenye kokoto, akakomea hatua kumi kutoka miguuni mwake na hakutikisika tena.

Coyle alikaa kwenye matope, akacheka na kulia kwa pamoja. Zakar naye alitaka kukaa, ila alihofu hatainuka.

Fenia alichuna saa mbili nzima, bila kutaka msaada. Ya Coyle, nyembamba kuliko za bunduki zao wawili, aliikuta begani, nzima kama alivyojisifu. Alimpa mkononi, akampongeza kwa heshima zote, mgeni akaenda kupiga picha.

Zakar alimfuata mkewe nyuma ya mizigo.

"Yangu?"

"Imepita moyoni, ikakwama chini ya ngozi ya upande wa pili. Wewe mzee, macho yako yatanizika." Akaiweka kwenye kiganja chake na kumfunga vidole kwa mkono wake uliolowa.

Zakar alisikia furaha ikimpanda mpaka kooni, kama kila mwaka. Akafungua kiganja aitazame.

Ilikuwa ya kijivu, imepondeka kama uyoga.

Akatoa mfukoni risasi moja nyekundu, nzima, akailaza kando yake, na kumwonyesha mkewe zote mbili.

"Ni misimu mingapi, Fenia?"

Fenia alifuta kisu kwenye nyasi, pande zote mbili.

"Yote minne," akasema.