Tope la Nyumba ya Ngiri

Zama wanyama walipokuwa wakialikana harusi, Ngiri alikuwa anamwoza binti yake na nyumba haikutosha wageni. Akamwita Muhanga, fundi wa mashimo, amchimbie ukumbi. Muhanga alipomaliza, wageni walikuwa wameshaketi humo na pilau inanukia. Naye akatafuta pa kukaa.

Bi Mbweha, aliyekuwa karibu na sinia, akavuta kanga yake pembeni. "Mtu anakujaje harusini na tope kwenye makucha?"

"Ni tope la humu humu, bibi," akasema Muhanga.

"La humu au la kwingine, hatulitaki. Lirudishe ulikolitoa, ndipo uje kula na watu."

Muhanga akamtazama mwenye nyumba. Ngiri akatazama chini. "Fanya unavyoambiwa, fundi. Usiniaibishe mbele ya wageni."

Muhanga hakuelewa, ila alizoea kutumwa. Akatoka nje, akauendea udongo wote alioutoa, akaanza kuusukuma urudi shimoni. Ukaziba mlango, ukafunika sinia, ukamfika Bi Mbweha kiunoni.

"Unatuzika wewe!" akapiga kelele.

Muhanga akasimama. "Sasa mbona mnanichanganya? Nilikolitoa ni hapa. Nambieni neno moja nilifuate. Mnataka nisiwe na tope, au mnataka nyumba?"

Akangoja sana. Huko ndani wote walikuwa wanachimba, na Bi Mbweha alikuwa mbele yao, tope limemfika viwikoni.